Granada kwa siku tatu: mwongozo kamili, kuanzia tiketi ya Alhambra hadi vichochoro vya Albaicín

Wanaopanga likizo ya Uhispania kwa mara ya kwanza huwaza Barcelona au Madrid, na hakuna ubaya. Ila kama una siku tatu, mfuko wa wastani, na unataka mji wa kuuzunguka kwa miguu, mimi nitakuelekeza kusini, Granada. Ni mji wa Andalusia wenye wakazi kama 230,000, umekaa chini ya milima ya Sierra Nevada, na kwenye kilima kimoja juu yake imesimama Alhambra, kasri na ngome ya masultani wa ukoo wa Banu Nasr. Ukoo huo ulitawala hapa kuanzia mwaka 1238 mpaka tarehe 2 Januari 1492, siku Sultani Muhammad wa Kumi na Mbili, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alipowakabidhi mji Malkia Isabel na Mfalme Fernando. Ndiyo kusema, miaka sita tu kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi.

Kuna sababu nyingine ya kuuchagua mji huu. Kuta za Alhambra zimeandikwa Kiarabu kutoka chini hadi juu, na watalii wengi hupita wakiyaona maandishi yale kama mapambo. Aliyekaa madrasa akajifunza kusoma herufi, hata kama hajui Kiarabu cha kuzungumza, huambulia mengi zaidi yao. Mwongozo huu umepangwa ili upate muda wa kusimama na kuzisoma hizo kuta, maana haraka ndiyo inayowaharibia watu wengi ziara ya Granada.

Hatua ya kwanza: viza, kisha Alhambra, kisha mengine

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, viza inayohitajika ni ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15, lakini usithubutu kungoja hizo siku 15: miezi ya Juni na Julai miadi hujaa. Utahitaji bima ya safari inayogharimia matibabu ya angalau euro 30,000, taarifa za benki, na uthibitisho wa mahali pa kulala. Hoteli ichague yenye ruhusa ya kughairi bure, kwa sababu kabla viza haijagongwa hujui lolote.

Siku pasipoti inaporudi mkononi ikiwa na viza, usianze kutafuta viatu. Nunua tiketi ya Alhambra siku hiyo hiyo. Wanaoishi Ulaya tayari, wasiohitaji viza, waanze moja kwa moja na tiketi, hata kabla ya ndege. Idadi ya watu wanaoingia kwa siku imewekewa kikomo, na msimu wa wageni tiketi huisha wiki nyingi kabla. Miezi miwili au mitatu mbele ni muda mzuri. Tovuti rasmi ni ya taasisi inayosimamia kasri, Patronato de la Alhambra y Generalife. Tovuti nyingine nyingi zinafanana nayo, na hizo hukuongezea bei juu.

Ukifungua tovuti utakutana na aina kadhaa za tiketi, na hapa ndipo watu hupotea. Unayoitaka ni *Alhambra General*, ya mchana. Hiyo inakuingiza sehemu zote tatu: ngome ya Alcazaba, bustani za Generalife, na Palacios Nazaríes, yaani makasri yenyewe ya masultani. Bei yake ni kama euro 20. Kuna nyingine ya bei nafuu, *Jardines, Generalife y Alcazaba*, ambayo haikuingizi kwenye makasri. Ukiinunua hiyo kwa kutosoma vizuri, umekwenda harusini ukaishia uani. Ipo pia ya usiku, ambayo ni nzuri sana kwa aliyekwisha kuona mchana. Kwa ziara ya kwanza siipendekezi, kwa kuwa dari ndizo roho ya mahali pale na zinataka mwanga wa jua.

Majina yajaze kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu tuna tabia ya kuandika mawili tunayoyapenda, lakini tiketi inafungwa na pasipoti na itakaguliwa zaidi ya mara moja ukiwa ndani. Siku yenyewe chukua pasipoti halisi, usitegemee picha ya kwenye simu. Watoto wa chini ya miaka 12 hawalipi, lakini nao lazima wakatiwe tiketi yao.

Halafu saa. Tiketi ina saa ya kuingia makasri, nayo ina nusu saa tu ya uhai. Ikiandikwa 10:00, mlango ni wako mpaka 10:30, baada ya hapo huingii, hata uwe umetoka Kisangani kwa miguu. Kumbuka wenzetu wanahesabu saa kwa namna yao: 8:30 ni saa mbili na nusu asubuhi kwetu, na 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Saa za Uhispania ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Simu itajirekebisha yenyewe, ila saa ya mkononi usiisahau.

Tiketi zikiwa zimeisha, usikate tamaa. Ziara zinazoongozwa na waongoza wageni wenye leseni zina fungu lao la tiketi, na kadi ya utalii ya mji, *Granada Card*, nayo ina fungu lake. Zote ni ghali zaidi, lakini kadi inakufungulia pia makumbusho na makanisa kadhaa mjini, kwa hiyo si hasara.

Hatua ya pili: kufika, msimu, na mahali pa kulala

Granada ina uwanja mdogo wa ndege wenye jina la mshairi Federico García Lorca, mwana wa eneo hili. Wageni wengi kutoka kwetu lakini hutua Málaga au Madrid. Kutoka Addis Ababa kuna ndege ya Ethiopian mpaka Madrid, Emirates wanafika huko kutoka Dubai, na Turkish wanafika mpaka Málaga wakipitia Istanbul. Kutoka Málaga ni mwendo wa basi wa saa moja na nusu hadi mbili, mabasi ya ALSA, na mengine huondokea uwanja wa ndege wenyewe. Kutoka Madrid, treni ya mwendo kasi ilianza kufika Granada mwaka 2019 na huchukua saa tatu na kitu. Basi ni nafuu zaidi lakini hula kama saa tano.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei, mwisho wa Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto hupanda hata kufika nyuzi 40, joto kavu la bara lisilo na upepo wa bahari, na mtu wa Dar atashangaa kuona linavyomchosha. Baridi ya Desemba hadi Februari si ya mchezo: mji uko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hukaribia sifuri. Ukipenda baridi lakini, ndio msimu wa kuiona Alhambra nyekundu ikiwa na theluji nyeupe nyuma yake, na wageni wachache. Wiki ya Pasaka mji hujaa maandamano ya kidini na bei hupaa.

Lala karibu na Plaza Nueva au mitaa inayozunguka kanisa kuu. Nyumba za kulala wageni za juu Albaicín zinavutia kwenye picha, lakini teksi haifiki kila kichochoro, na kuburuta sanduku la magurudumu juu ya kokoto zile ni adhabu.

Siku ya kwanza: Albaicín, jioni

Siku ya kufika usijitese na makumbusho. Pumzika mpaka jua lipungue, kisha anzia Plaza Nueva ufuate Carrera del Darro, barabara nyembamba inayokwenda sambamba na mto Darro. Mto wenyewe ni mdogo, lakini daraja zake za mawe na kuta zenye mizabibu zinatosha kukupunguza mwendo. Mkono wa kushoto utaona mlango usiojitangaza: El Bañuelo, hamamu ya karne ya 11. Ni miongoni mwa hamamu za Kiarabu zilizohifadhika vizuri zaidi Uhispania. Ndani ni vyumba vya matofali vyenye matao, na juu kuna matundu ya umbo la nyota yanayoingiza mwanga. Ziara yake ni fupi, na hufungwa mapema, kwa hiyo ukiikuta imefungwa irudie siku ya tatu.

Mbele kidogo barabara inafunguka kuwa Paseo de los Tristes, uwanja wenye viti vya mikahawa chini kabisa ya Alhambra. Hapo agiza kinywaji uinue shingo. Kisha panda kushoto, kichochoro chochote kinachopanda, bila ramani. Albaicín ni mtaa wa zamani wa Waislamu, na mpango wake haukubadilika sana: njia za kupinda, kuta nyeupe, milango iliyofungwa, na nyuma yake nyumba zenye bustani ambazo wenyeji huziita *carmen*. Aliyezoea kutembea Lamu au Mji Mkongwe hatapata shida hapa, ataishia pale anapotaka kwa kufuata mteremko tu. UNESCO waliuongeza mtaa huu kwenye urithi wa dunia mwaka 1994, miaka kumi baada ya Alhambra.

Lengo ni Mirador de San Nicolás, uwanja mdogo mbele ya kanisa, unaotazamana na Alhambra moja kwa moja. Jua likizama, kuta hubadilika rangi kutoka hudhurungi mpaka nyekundu, na milima nyuma yake huwa ya zambarau. Kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo uwanja hujaa mpaka huoni pa kukanyaga, magitaa yanalia, na wachomoa mifuko hawapumziki. Pochi mbele, simu mkononi.

Ukitaka mandhari ile ile bila msukumano, hatua chache pembeni ya kanisa kuna Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003. Bustani yake iko wazi kwa wageni kwa saa maalumu, na kutoka pale unaitazama Alhambra katikati ya maua na maji ya chemchemi. Adhana ya hapa huadhiniwa mnarani kwa sauti ya mtu, bila kipaza sauti. Kwa Mwislamu hakuna pahala pazuri zaidi mjini pa kuswali magharibi. Ila katikati ya Juni jua la Granada huzama karibu saa nne kasorobo usiku, kwa hiyo magharibi yenyewe ni usiku.

Kushuka pitia Calderería Nueva, kichochoro cha nyumba za chai zinazoendeshwa zaidi na Wamoroko. Chai ya nanaa, vitumbua vya lozi na asali, taa za rangi. Ni pa kitalii, sikatai, lakini miguu itakuwa imeomba kukaa.

Siku ya pili: Alhambra

Nitachukulia tiketi yako ni ya saa nne au saa tano asubuhi, ambazo ndizo ninazozipendekeza. Kasri hufunguliwa 8:30. Hufungwa tarehe 25 Desemba na 1 Januari tu. Kiangazi hukaa wazi mpaka 20:00, na kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwisho wa Machi hufungwa 18:00.

Njia za kupanda ni mbili. Kuna basi dogo jekundu, C30, linaloanzia Plaza Isabel la Católica. Au unatembea kutoka Plaza Nueva kwa mlima wa Cuesta de Gomérez, unapita lango lenye makomamanga matatu ya mawe juu yake, kisha unaingia msituni kwenye kivuli na mifereji ya maji pande zote. Komamanga ndilo nembo ya mji, utaliona mpaka kwenye vigingi vya barabarani. Kupanda ni kama dakika 20 hadi 30, kwa mtu asiye na haraka.

Panda basi asubuhi, shuka mlango mkuu, anza na Generalife. Hizi zilikuwa bustani na nyumba ya mapumziko ya sultani, nje ya kasri. Kiini chake ni Patio de la Acequia, ua mrefu wenye mfereji katikati. Maji yale hayatoki kwa pampu: Sultani Muhammad wa Kwanza aliyatoa kwenye mto Darro, kilomita kama sita juu, akayaleta kwa mfereji unaoteremka polepole ukifuata ubavu wa mlima. Vimwagio vinavyopinda kama upinde, ambavyo kila mtu huvipiga picha, viliongezwa baadaye sana, karne ya 19. Cha kale hasa kipo juu zaidi: Escalera del Agua, ngazi ambayo mikono yake ya kushikia ni mifereji. Badala ya ubao, unagusa maji yanayokimbia kuteremka nawe. Wengi huikosa kwa kuwa wanawahi saa ya makasri.

Nawe wahi, lakini kwa hesabu. Kutoka Generalife mpaka mlango wa Palacios Nazaríes ni robo saa ya kutembea, na foleni ikae dakika kumi. Begi la mgongoni utatakiwa kulivaa kifuani, na kubwa hulazwa kwenye makabati mlangoni.

Ndani ya makasri mwendo ni wa upande mmoja, lakini hakuna anayekuhimiza ukishaingia. Hiyo ndiyo siri: saa ya kuingia imebanwa, ya kutoka haikubanwa. Waache kundi lenye bendera lipite, ungoje dakika tano, na chumba kitakuwa chako.

Chumba cha kwanza ni Mexuar, na mwishoni mwake kuna kijichumba cha kuswalia chenye mihrabu, kimepindishwa kufuata kibla na madirisha yake yanatazama Albaicín. Kisha utatokea mbele ya uso wa kasri la Comares wenye milango miwili iliyofanana kabisa. Ukivuka utakutana na Patio de los Arrayanes, hodhi refu la maji yaliyotulia, na mnara wa Comares umelala ndani yake kichwa chini.

Kabla ya kuingia ukumbi mkubwa, tazama unene wa tao la mlango, kushoto na kulia, usawa wa kifua. Kuna vijishubaka viwili vya marumaru, vimechongwa kama mihrabu midogo. Mtu wa pwani ataviita zidaka bila kufundishwa. Humo ndimo mitungi ya maji iliwekwa kwa wageni wa sultani. Watu mia hupita pale kwa saa moja wakiangalia juu, na wachache huviona.

Ndani ni Ukumbi wa Mabalozi, alioujenga Yusuf wa Kwanza, aliyetawala 1333 hadi 1354. Dari yake imeungwa kwa zaidi ya vipande 8,000 vya mbao, nyota juu ya nyota, kuonyesha mbingu saba. Mwandiko unaorudiwa kila mahali, mara wa kona kona, mara wa kupinda, ni *Wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, kaulimbiu ya Banu Nasr. Uutafute. Ukishauona mara moja macho yatauokota kila ukutani, na mtoto wa madrasa atageuza ziara nzima kuwa mchezo wa kuhesabu.

Kutoka hapo ni Ua wa Simba, kazi ya Muhammad wa Tano, mwana wa Yusuf. Simba 12 wa marumaru wamebeba sinia la maji, na ukingo wa sinia umeandikwa shairi la Ibn Zamrak, waziri na mshairi wa kasri, linalosifu maji yenyewe. Simba wale walitolewa wakasafishwa kwa miaka, na ua ukafunguliwa tena mwaka 2012. Nguzo zinazouzunguka ni 124, nyembamba, na hazikupangwa kwa mafungu sawa: moja, mbili, mara tatu. Vyumba viwili vya pembeni vina dari za *muqarnas*, plasta iliyochongwa ikaning'inia kama sega la nyuki. Kwenye Ukumbi wa Abencerrajes mwongozaji atakuonyesha wekundu kwenye beseni la sakafuni akuambie ni damu ya mashujaa waliochinjwa pale. Ni kutu. Ukumbi wa pili, wa Dada Wawili, dada wenyewe ni mabamba mawili makubwa ya marumaru ya sakafuni. Mimi naupenda huu zaidi. Kaa chini pembeni kama pana nafasi, uangalie juu mpaka shingo iume.

Njia itakutoa Partal, bwawa na bustani, kisha utapanda kuelekea kasri la Karlo wa Tano, mjukuu wa Isabel na Fernando. Lilianza kujengwa mwaka 1527: jengo la mraba, zito, lenye ua wa duara ndani. Wengi hulichukia kwa kusimama katikati ya kazi ya Waislamu, na unawaelewa, lakini ule ua wa duara usiupite. Kuingia ni bure.

Malizia Alcazaba, ngome ya askari, sehemu kongwe kuliko zote. Panda Torre de la Vela uone mji, tambarare na milima kwa pamoja. Juu yake kuna kengele. Kila tarehe 2 Januari watu hupanga foleni kuipiga, na wasichana wa mji husema atakayeipiga siku hiyo ataolewa kabla ya mwaka kwisha. Ukitoka shukia Puerta de la Justicia, lango la mwaka 1348 lenye mkono uliochongwa juu ya tao la nje na ufunguo juu ya tao la ndani. Maana yake wataalamu wameibishania miaka mingi.

Kwa jumla weka saa nne mpaka tano. Chukua maji na kitu cha kutafuna, viatu vya soli isiyoteleza, na kofia.

Chakula, kwa kuwa sasa una njaa

Wahispania hula mchana kati ya saa nane na saa kumi, na usiku kuanzia saa tatu. Ukitafuta chakula saa kumi na mbili jioni utapata watalii wenzako na vyakula vya kupashwa moto. Maduka mengi pia hufungwa mchana na kufunguliwa saa kumi na moja.

Granada imebaki na desturi ambayo miji mingi ya Uhispania imeiacha: ukiagiza kinywaji baa, unaletewa sahani ndogo ya chakula, *tapa*, bila malipo ya ziada. Ukiagiza cha pili inakuja nyingine tofauti. Vinywaji vitatu ni mlo. Wala si lazima kiwe kilevi. Agiza *mosto*, maji ya zabibu yasiyochachuka, au *agua con gas*, au soda. *Tinto de verano* ina mvinyo, usidanganyike na barafu na limau yake.

Shida ni nguruwe, ambaye hujificha: vipande vya *jamón* ndani ya maharage, mafuta yake kwenye supu. Mwambie mhudumu kabla hajaleta: *No como cerdo*, sili nguruwe. Watakuletea samaki, viazi au jibini bila kununa. Cha kuagiza kwa makusudi ni *berenjenas con miel*, biringanya zilizokaangwa zikamwagiwa asali nyeusi ya miwa, zao ambalo Waarabu ndio waliolipanda pwani ya jirani ya Motril. Na *remojón*, saladi ya machungwa na samaki ng'onda wa chumvi, yenye zeituni. Mtu husitasita kabla ya tonge la kwanza tu. Nyama halali utaipata kwenye vibanda na migahawa ya Calle Elvira na Calderería. Maji ya bomba ni salama na matamu.

Siku ya tatu: mjini chini, kisha mapangoni

Asubuhi anza Capilla Real, kanisa dogo walimozikwa Isabel na Fernando. Juu ni makaburi ya marumaru yenye sanamu zao zimelala. Waongoza wageni hupenda kuonyesha kwamba mto wa Isabel umebonyea zaidi, wakisema kichwa chake kilikuwa na akili nyingi. Kisha unateremka ngazi chache unachungulia kwenye chumba cha chini: majeneza ya risasi, meusi, hayana pambo. Walioimaliza Granada na kumtuma Columbus baharini wamelala humo. Picha haziruhusiwi. Kanisa kuu la pembeni, lililoanza kujengwa mwaka 1523 mahali palipokuwa na msikiti mkuu wa mji, ni kubwa na jeupe. Ukibanwa na muda au fedha, liache, chukua Capilla.

Nje ya milango hiyo akina mama watakuwekea kijiti cha rosemari mkononi na kuanza kukusomea kiganja. Si zawadi, itadaiwa. Mikono mfukoni, sema *no, gracias*, endelea.

Mkabala na Capilla kuna Madraza, chuo alichokianzisha Yusuf wa Kwanza mwaka 1349. Kwa nje utadhani ni jengo la karne ya 18, lakini ndani kumebaki chumba cha kuswalia chenye mihrabu na nakshi kamili. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita Granada miaka ya mwanzo ya chuo hiki. Hakuonana na sultani, aliyekuwa mgonjwa, lakini alikutana na kijana wa mji, Ibn Juzayy, ambaye baadaye alikaa naye Moroko akaandika habari za safari zake alivyomsimulia. Habari za Kilwa ya wakati ule zimetufikia kwa kalamu ya mtu wa hapa.

Karibu hapo pitia haraka Alcaicería, lililokuwa soko la hariri. La zamani liliteketea mwaka 1843, hili ni la kujengwa upya, na bidhaa nyingi ni za kitalii. Ng'ambo ya barabara, Corral del Carbón ni kitu halisi: nyumba ya kufikia wafanyabiashara na mizigo yao, ya karne ya 14, lango zuri na kuingia bure. Plaza Bib-Rambla ni pa kunywea chokoleti nzito na *churros*, vijiti vya unga vilivyokaangwa. Uwanja huo huo ndio husemwa kuwa Kadinali Cisneros alichomea vitabu vya Kiarabu, miaka michache baada ya mji kutekwa.

Jioni panda Sacromonte, kilima cha mapango yanayokaliwa na jamii ya Wagitano, yaani Waroma wa Uhispania, kwa karne nyingi. Museo Cuevas del Sacromonte itakuonyesha pango linavyokuwa jiko, zizi na chumba cha kulala, lenye ubaridi kiangazi na joto wakati wa baridi. Usiku mapango mengine hufanya *zambra*, ngoma ya flamenco ya hapa, na tiketi mara nyingi ni euro 25 hadi 35. Chagua onyesho lisilo na chakula cha usiku ndani ya bei. Chakula chenyewe huwa cha ovyo, na fedha hiyo itakulisha tapa usiku mzima. Kaa mstari wa mbele: pango ni jembamba, na visigino vya mchezaji utavisikia kwenye kiti.

Ukiwa na siku ya nne

Panda basi uende Alpujarra, upande wa kusini wa Sierra Nevada, kwenye vijiji vya Pampaneira, Bubión na Capileira vilivyopangana kimoja juu ya kingine. Baada ya 1492 Waislamu wengi walibaki katika milima hii, na nyumba zake za paa bapa ni urithi wao. Njia za miguu kati ya vijiji ni fupi na zina maji ya kunywa. Jiangalie usilale usingizi ukakosa basi la kurudi, maana ya jioni ni machache.

Ndege yako ikiondokea Málaga, nunua tiketi ya basi siku mbili kabla, hasa Jumapili, na hesabu uwe umefika uwanjani saa tatu kabla ya kuruka. Stesheni ya mabasi ya Granada haiko katikati ya mji. Teksi kutoka Plaza Nueva huchukua kama dakika 15, ila asubuhi ya siku za kazi ongeza nyingine kumi kwa msongamano.